"Mnalia Kazi, Kwa Nini Hamuendi Vijijini?" Mimi Nilienda



Kuna swali moja ambalo kila daktari kijana wa Congo amekwisha kuulizwa. Mjomba analiuliza kwenye kilio, jirani analiuliza kwenye foleni ya maji, mkubwa wa serkali analiuliza kwenye redio: "Munalia kazi hakuna, na kule vijijini batu banakufa bila docta. Kwa nini hamuendi?" Akishauliza hivyo anatulia, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Mimi nililiamini swali hilo, mpaka nikapanda lori. Nilikaa miezi kumi na nne katika hospitali kuu ya zone moja ya vijijini katika Haut-Katanga, siku moja ya barabara wakati wa kiangazi, siku tatu wakati wa mvua. Jina la hospitali sitalitaja. Wale niliowaacha pale wangali wanafanya kazi, na tena nitakayosimulia hayakuwa kosa la hospitali moja. Sasa nimerudi mjini, na ningependa tulichambue lile swali vizuri, kwa sababu naona hata sisi wenyewe tunalijibu vibaya. Tunajibu: "Hatulipwi." Ni kweli, lakini jibu hilo ni fupi mno. Daktari asiyelipwa na serkali analipwa na mtu mwingine. Na mtu huyo tunamjua sote.

Tuanze na shule, maana shida haianzii kazini.

Mzazi wa kwetu analipa karo ya utabibu kwa dola, wakati yeye mwenyewe anapata franka. Analipa miaka sita, saba, na migomo ya maprofesa ikiingia katikati, minane. Kwenye miaka ya kwanza tulikuwa wengi kuliko viti. Wale wa nyuma walimsikia profesa bila kumwona. Silabu ilinunuliwa, na yule ambaye hakununua alijua kwamba jina lake liko kwenye orodha ya wasionunua. Hayo tuliyazoea, kwa sababu kila fakilte ina ya kwake. Kwa utabibu, pigo lenyewe liko kwenye staji.

Staji maana yake ni kujifunza kazi kwenye mwili wa mgonjwa, chini ya jicho la mtu anayeijua. Sasa hesabuni pamoja nami. Fakilte za utabibu zimefunguliwa mjini na hata kwenye miji midogo, za serkali na za watu binafsi, na hospitali ni zilezile. Mgonjwa mmoja, sisi ishirini na wawili tunazunguka kitanda. Wa mbele anagusa tumbo, wa pili anaangalia mkono wa wa kwanza, wa nyuma anaandika kile alichosikia mwenzake akinong'ona. Glavu unajinunulia. Chakula cha usiku wa zamu unajinunulia. Na staji yenyewe unailipia! Hakuna anayekulipa hata franka moja ya taksi, ingawa usiku ni wewe unayechukua tensio, unayebeba chupa ya damu, unayempeleka maiti muti ya familia. Samahani, simaanishi maiti: namaanisha habari ya kifo. Wakubwa wamelala, njo wewe unayetumwa kuwaambia watu kwamba mzazi wao amekwisha kuenda.

Sisemi haya kwa chuki kwa walimu wetu. Profesa anayefundisha kwenye vyuo vitatu katika miji miwili hafanyi hivyo kwa kupenda barabara. Lakini kanuni moja ingepaswa kuwa wazi: fakilte ya utabibu ni vitanda kwanza, ubao baadaye. Chuo kisicho na hospitali ya kufundishia kinatoa watu wanaojua kusema ugonjwa, hawajui kuushika. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipata distinction. Siku ya defansi familia ilinimwagia poda kichwani, mama alicheza mpaka kiatu kikakatika, na kwenye picha ninacheka katika toge ya kukodi. Na wakati huo nilikuwa nimeshika kisu cha upasuaji mara mbili tu, mara zote mbili kwa dakika chache, mkono wa mkubwa ukiwa juu ya mkono wangu.

Nikaapa kiapo, nikajiandikisha kwenye Ordre des Médecins, nikalipa inayolipwa. Kisha nikaanza kupeleka dosie. Miezi tisa nilifanya zamu za usiku kwenye kliniki ndogo ya mtaa, tukiwa madaktari watatu tunaogawana kazi ya mmoja. Ile picha mnaijua: mjini madaktari wanabanana, porini daktari hakuna. Njo maana niliposikia kuna zone inayotafuta daktari, sikufikiri mara mbili. Nilipewa barua ya kunipeleka kazini, na stempu yake. Mama aliifunga kwenye plastiki ili isiloe na mvua.

Nilipofika, daktari mkurugenzi alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alinipa chumba, akanionyesha godoro, akaniambia: "Docta, karibu. Lakini nikwambie ukweli: wewe uko NU."

Kwa wasio wa kazi yetu, NU ni *nouvelle unité*, kitengo kipya. Ni jina la mtu aliyepelekwa kazini na serkali, anayefanya kazi ya serkali katika jengo la serkali, lakini hana matrikule, yaani kwenye vitabu vya serkali bado hajazaliwa. Dosie yake inapanda polepole hadi Kinshasa: kuna Wizara ya Afya, kuna Fonction publique inayotoa matrikule, kuna Bajeti inayotoa pesa. Kwenye kila mlango inaweza kulala. Kuna anayekuwa na matrikule bila mshahara. Kuna anayepata prime ya hatari bila mshahara. Kuna asiyepata chochote. Na jina hili "kitengo kipya" lisiwadanganye: nilimkuta pale muuguzi ambaye nywele zimeanza kuwa nyeupe, naye angali NU.

Basi mtu huyu anakula nini? Anakula prime ya mahali, ile tunayoita *prime locale*. Kila mwisho wa mwezi kamati ya hospitali inakusanya pesa zote walizolipa wagonjwa. Inatoa ya dawa, inatoa ya mazutu ya jenereta, inatoa sehemu inayopanda kwa wakubwa wa zone na zaidi. Inayobaki inagawanywa kwa wafanyakazi kufuatana na cheo. Mwezi wangu wa kwanza nilipata franka 87 000. Mwezi wa msimu wa malaria nilipata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Angalieni vizuri hapo: mshahara wangu ulipanda kwa sababu watoto waliugua.

Sasa nifike kwa mama yule.

Aliletwa usiku, mwezi wangu wa tatu, juu ya baiskeli, toka kijiji cha mbali. Uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Mkurugenzi alikuwa ameitwa mkutanoni mjini. Nilikuwa mimi, muuguzi mzee wa chumba cha upasuaji ambaye wote walimwita Papa, na taa moja. Alipewa ketamini, nikanawa mikono, nikasimama. Papa aliona jinsi vidole vyangu vinavyotetemeka. Hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama anaongea na mtoto wake: "Docta, pole pole. Usiangalie saa. Kata hapa. Sasa ngojea. Sasa weka vidole, vuta." Mtoto alilia. Mama hakufa. Nilitoka nje nikakaa chini ya muembe, nikalia na mimi.

Nataka wasomaji wetu waelewe nilichojifunza usiku ule: upasuaji wangu wa kwanza wa kumzalisha mama nilifundishwa na muuguzi asiye na matrikule, kwenye tumbo la mwanamke ambaye hakuulizwa kama anakubali kuwa darasa. Diploma yangu ilisema najua. Iniversite ilipokea pesa zote za baba yangu, ikanipa karatasi, ikamwachia Papa kazi ya kufundisha.

Mama yule alipona vizuri. Siku ya nane nyuzi zilitolewa. Angeweza kuenda nyumbani. Hakuenda, kwa sababu bili ilikuwa franka 210 000, na bwana yake alikuwa amelipa 60 000.

Mnajua desturi yetu. Asiyelipa hatoki. Hakuna sheria iliyoandika hivyo, hakuna mlango wenye kufuli, lakini mlinzi wa barza anajua majina. Mama yule alikaa pale pamoja na mtoto, siku kumi, siku kumi na tano, siku ishirini. Kitanda kilihitajika, akahamia mkeka. Asubuhi nilipopita kuwaona wagonjwa nilikuwa naruka pale alipo, maana hakuwa mgonjwa tena. Siku moja alinisimamisha: "Docta, nitabakia hapa mpaka lini? Bwana yangu alienda kutafuta makuta, hajarudia. Shamba yangu iko inaharibika." Nilimwambia nitaona.

Na kweli niliona. Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi jina lake lilisomwa katika orodha ya wasiolipa. Mkurugenzi akauliza: "Huyu tunamwachilia?" Chumba kilinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa anajua kwamba bili ile ikifutwa, inafutwa kwenye sahani yetu. Muuguzi wa kwanza alikuwa na watoto sita. Mwenye maabara alikuwa na deni dukani. Mimi nilikuwa nimeahidi kumtumia mama yangu kitu. Walinitazama mimi, kwa sababu mimi njo nilimpasua. Nilinyamaza na mimi. Mkurugenzi akapita kwa jina lingine.

Siku ya ishirini na tatu bwana yake alirudi. Alikuwa ameuza baiskeli, ile aliyomletea mke wake, ile aliyobebea samaki hadi sokoni. Alilipa yote, akahesabu noti moja moja juu ya meza. Wakaondoka kwa miguu, mtoto mgongoni. Mwisho wa mwezi nilipokea prime yangu, nikasaini, nikamtumia mama kwa simu. Sehemu ya pesa ile ilikuwa gurudumu la baiskeli ya watu.

Mama yule alinilipa mara mbili: mara ya kwanza kwa tumbo lake, mara ya pili kwa baiskeli ya bwana yake. Serkali iliyonipeleka pale kwa barua yenye stempu haikulipa hata mara moja.

Hilo njo jibu langu kwa swali la mjomba. Daktari kijana anayeenda kijijini bila mshahara hapeleki msaada kijijini. Anapeleka mdomo mmoja zaidi wa kulishwa na wagonjwa. Kadiri tunavyoenda wengi bila kulipwa, ndivyo bili inavyopanda, ndivyo mama mwenye uchungu anavyobakia nyumbani akiogopa hospitali kuliko kifo. Watu wanasema wanakijiji "wanachelewa kuja". Hawachelewi kwa ujinga. Wanahesabu.

Sasa kuna wanaosema: tatizo ni kwamba madaktari ni wengi mno, nchi haiwezi kuwaajiri wote. Nikumbushe historia kidogo. Mwaka 1960 tulipopata uhuru, Congo haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja aliyemaliza iniversite. Wakoloni walikuwa wamefundisha *assistants médicaux*, wasaidizi wa madaktari, na ilibidi makumi yao wapelekwe Ufaransa haraka ili wamalizie masomo na kurudi kama madaktari. Leo nchi hiihii ina zone za afya 519 katika majimbo 26. Kila moja inahitaji hospitali kuu yenye madaktari wa kutosha kupasua, kutibu na kusimamia vituo vya afya vinavyoizunguka. Nenda uhesabu ni ngapi ambamo daktari akiugua, hakuna wa kumtibu. Hatuko wengi mno. Tuko wengi mahali pamoja, na hiyo ni kazi ya anayepanga.

Wengine wanasema: pesa hakuna. Mwaka 2001 huko Abuja marais wa Afrika, na Congo ikiwemo, waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi ile ni mtu mzima sasa, na bado haijaanza kazi, kama sisi. Lakini hata tuache Abuja. Mwanzoni mwa 2023 Inspection générale des finances ilitangaza ilichokuta kwenye orodha za mishahara ya serkali: watu 145 604 wenye namba za matrikule zisizo sahihi au za kubuniwa, na wengine 53 328 wanaogawana namba moja na mtu mwingine. Soma tena polepole. Kuna matrikule zinazotembea bila watu, na kuna watu wanaotembea bila matrikule. Papa wa chumba cha upasuaji alingojea namba yake miaka na miaka, na namba za watu wasiokuwepo zilikuwa zinakula mshahara kila mwezi. Usiniambie pesa hakuna. Niambie iko kwa nani.

Tena tumeona kwamba pesa ikitakiwa inafika. Ebola ya Nord-Kivu na Ituri, toka 2018 hadi 2020, iliua watu 2 287. Wakati wa riposte, madaktari na wauguzi wetu waliingia kwenye orodha za malipo na wakalipwa, tena kwa dola, kuliko walivyowahi kuota. Walikuwa ni watu walewale, wenye diploma zilezile. Ugonjwa ulipokwisha walirudi kuwa NU. Somo ambalo kijana alilipata pale ni baya sana: kwamba ugonjwa unaotisha wageni unalipwa, na uchungu wa mama wa kijiji haulipwi. Si ajabu leo wengi wetu tunatafuta mradi badala ya hospitali, na wengine wanajifunza Kiingereza jioni huku wakitazama upande wa Kasumbalesa, Zambia iko pale, na Afrika ya Kusini nyuma yake.

Kuhusu kuajiriwa kwenyewe, nitasema wazi. Sheria namba 16/013 ya 15 Julai 2016, ile ya watumishi wa serkali, inataka mtu aingie kazini kwa konkuru, yaani mtihani wa ushindani. Katiba, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki, na inataja malipo ya haki na ya kutosha. Ninyi mnaosoma hapa, nani kati ya madaktari wa promosio yenu alipita konkuru ili apelekwe hospitalini? Tuliulizwa jambo lingine: "Uko na nani?" Njo mtihani wenyewe. Mwenye mwavuli anapata barua ya hospitali ya mjini, yenye wagonjwa wanaolipa. Asiye na mwavuli analoa, na kuloa kwake kunaitwa kujitolea kwa taifa. Na bei ya kuingiza jina kwenye orodha, tusijifanye, sote tumeisikia ikitajwa kwa sauti ndogo.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningewalaumu wakubwa peke yao. Sisi pia tuna la kujibu.

La kwanza ni kuhusu migomo. Kifungu cha 39 cha katiba kinatupa haki ya kugoma, nami naiunga mkono. Vyama vyetu, SYNAMED na wenzake, vimeandika mekanizasio ya NU kwenye daftari la madai mara nyingi. Lakini angalieni mazungumzo yanavyokwisha. Vyeo vya wale walio ndani vinasogea, prime inaongezwa kidogo, mgomo unasimamishwa, na mstari wa NU unaandikwa "utashughulikiwa". NU anagoma pamoja na wote, anapoteza prime yake ya mahali kwa sababu wagonjwa hawaji, na mwisho anarudi kazini akiwa maskini kuliko alivyoanza. Na sisi tunapopata matrikule, tunasahau haraka sana. Nimeona rafiki aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote. Siku SMS ya banki ilipoingia, alitoka kwenye kundi letu bila hata kuaga.

La pili ni wale walioajiriwa kwa jina la kijiji na wanaishi mjini. Barua inasema zone ya porini, mshahara unatoka, na docta yuko Lubumbashi na kliniki yake. Wanajulikana. Ni wenzetu, tumesoma nao, tunawachekea kwenye harusi. Kila mmoja wao anampa mjomba sababu ya kuuliza lile swali.

La tatu ni zito zaidi kwangu. Tunapolalamika hadharani tunasema "sisi". Mshahara wetu, cheo chetu, miaka yetu saba. Mwananchi anasikiliza, kisha anakumbuka docta aliyemzuia dada yake hospitalini kwa ajili ya bili, anasema: wafe njala. Na ana haki ya kukasirika. Hatukuwahi kumweleza kwamba dada yake alizuiliwa kwa sababu serkali ilituweka sisi kwenye bili yake. Tumekaa upande mmoja wa meza na mkono wazi, yeye upande wa pili na baiskeli yake, na yule aliyepaswa kulipa hayupo chumbani kabisa.

Tangu Septemba 2023 serkali ilianza huko Kinshasa uzazi wa bure, na mpango unaendelea kufikishwa majimboni. Ni jambo kubwa, nami nalifurahia kwa moyo wote. Mama yule asingepoteza baiskeli. Lakini mtu aliyekaa kwenye kikao cha mwisho wa mwezi anajua swali linalofuata. Ukimwondolea mama bili na usimlipe daktari, pesa ya serkali inayopaswa kufidia hospitali ikichelewa hata miezi miwili, sahani yetu inabaki tupu, na bili itarudi kwa jina lingine: glavu, mazutu, "motivasio" ya muuguzi wa usiku. Uzazi wa bure bila mfanyakazi anayelipwa ni mlango uliofunguliwa mbele huku nyuma unafungwa.

Kwa hiyo tudai nini? Mimi naona mambo manne, na ningependa chama chetu kiyaandike kwa lugha ambayo mama wa soko anaielewa.

Kwanza, asipelekwe mtu kazini bila matrikule na bila mstari wake kwenye bajeti. Barua ya kazi na mshahara vitoke siku moja. Bora madaktari ishirini wanaolipwa kuliko mia moja wanaokula wagonjwa.

Pili, konkuru itangazwe kwa jimbo zima, nafasi zitajwe zone kwa zone, matokeo yabandikwe ukutani na majina na pointi. Atakayeingia kwa mwavuli angalau aone aibu.

Tatu, idadi ya wanafunzi wa utabibu ifuate idadi ya vitanda vya kufundishia, na mwaka wa staji ulipwe, hata kidogo. Anayefanya kazi ya usiku ni mfanyakazi. Na kabla ya kutumwa peke yake, daktari mpya apite miezi kadhaa chini ya mtu anayejua kupasua, aliyepewa kazi hiyo na kulipwa kwa ajili yake. Dokta Mukwege mwenyewe alianzia hospitali ya Lemera, milimani Sud-Kivu, aliona wanawake wanavyokufa katika kuzaa, akaenda kusomea uzazi Angers, Ufaransa, kisha akarudi. Tunapenda kumtaja. Tujiulize basi kijana wa leo aliye Lemera yake atasomea wapi, na nani atamlipia.

Nne, na hili halitegemei Kinshasa: tukatae kuzuia wagonjwa waliopona. Najua ninachosema, najua linatugharimu. Lakini tukilikataa sisi wenyewe, kwa sauti, kwenye kila hospitali, serkali haitaweza tena kujificha nyuma ya mgongo wa mama mwenye mtoto. Shida yetu itakuwa yake, mahali inapopaswa kuwa.

Kwa nini nilirudi mjini? Si kwa sababu ya giza, wala barabara, wala godoro. Nilirudi siku niliposikia mtoto mwenye malaria kali ameletwa, na fikira yangu ya kwanza, kabla ya damu, kabla ya dawa, ilikuwa: hawa wanaonekana watalipa. Niliogopa. Niliona kwamba nikikaa mwaka mwingine, nitakuwa docta mzuri wa mikono na mbaya wa macho.

Ningependa kurudi kule. Papa aliniandikia mwezi uliopita, bado yuko, bado NU. Aliniuliza: "Docta, unarudia lini? Bamama beko banakuulizia." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nikitaka kumjibu kweli, lazima kwanza mtu mwingine ajibu: ni nani atakayenilipa? Kama ni bamama walewale, basi ni afadhali wasiniulizie.